Mama wa Sala na Mke Mwenzake

Kwenye vilima vyetu vya juu ya Kirolirwe, msichana hakuolewa kanisani bila kwanza kupita mikononi mwa Mama wa Sala. Padri alimkabidhi kazi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, padri mwenyewe hakuwa na mke, na kila alipojaribu kutueleza mambo ya ndoa masikio yake yaligeuka mekundu kama nyanya. Pili, Mama wa Sala alikuwa na uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyekula akashiba, akalala vizuri, akaamka na kukumbuka kichekesho cha jana. Padri aliunyooshea kidole mbele ya kanisa zima: tazameni, wanawake, haya ndiyo matunda ya sala katika ndoa. Sisi tukatazama. Hakuna aliyefikiri kutazama nyuma ya uso ule, yaani nyumba yake na watu waliokaa ndani.

Mimi pia nilipita kwake, wakati ule Wazungu walipokuwa wanapigana huko kwao na sisi huku tunalimishwa pareto kwa ajili ya vita vyao. Tulikaa juu ya mkeka nyuma ya kanisa. Mafundisho yake yalikuwa mafupi. Mume akinywa, sali. Mume akipiga, sali, kisha nenda kwa wazazi wako ukasalie kule. Mume asiposema na wewe, mshukuru Mungu, maana kuna wanaosema. Msichana mmoja akauliza kama na mabwana zetu watafundishwa kitu. Mama wa Sala alifikiri kidogo, akajibu kwamba mume anafundishwa na mke aliyefundishwa. Tuliona jibu hilo lina hekima kubwa. Ilinichukua miaka mingi ya ndoa kugundua kwamba halikuwa jibu.

Kila Alhamisi mchana aliwaongoza wanawake katika sala. Tulikuja wa ng'ombe na wa shamba, tukakaa pamoja, wengine wakinuka siagi na wengine wakinuka udongo. Yeye alisimama macho yamefungwa, mikono mbele kama mtu aliyebeba chungu cha moto, na aliomba kwa kirefu sana. Maharagwe ya wilaya nzima yaliungua Alhamisi. Aliwaombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea ndama, halafu tulijua tumefika mwisho aliposhusha sauti na kuanza kumwombea mume wake, kwamba Bwana amguse, aache pombe, abatizwe, awe mtu wa nyumbani.

Huyo mume alikuwa mfugaji mrefu, mtu mwema kwa namna yake, isipokuwa hakuwepo. Mchana alikuwa na ng'ombe, jioni alikuwa na wanaume wenzake kwenye kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Aliyajua majina ya ng'ombe wake mpaka kwa mabibi zao, lakini majina ya wake zake aliyachanganya. Ndiyo, wake zake. Alikuwa nao wawili. Mama wa Sala alikuwa wa kwanza, na kwa sababu hiyo kanisa lilimkubali na kumbatiza. Kosa lilihesabiwa kuwa la mume. Wa pili tulimwita Mama Mudogo. Alitoka chini, kwenye familia ya wakulima karibu na Sake, na jembe mkononi mwake lilikuwa jepesi kama kijiko.

Mama Mudogo alikuja Alhamisi kama sisi. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo alikaa nje ya mlango, lakini nyimbo zote alizijua, na aliziimba kwa sauti ya pili akiwa huko nje. Mama wa Sala alipoomba mumewe abatizwe, aliyesema amina kwa nguvu kupita wote ni Mama Mudogo. Nadhani hakuna aliyekuwa amemweleza alichokuwa anaitikia. Nadhani hata aliyeomba hakuwa amejieleza.

Nyumba zao mbili zilitazamana, na kati yazo palikuwa uwanja uliofagiliwa. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya kijito, kwa hiyo niliona mengi nilipokuwa nachota maji, na msichana aliyeolewa karibuni huchota maji mara nyingi kama bado hajazoea mama mkwe. Mmoja alileta maziwa, mwingine akaleta maharagwe. Walipotikisa kibuyu cha siagi, mmoja alitikisa na mwingine akamsimulia habari, halafu wakabadilishana. Mama Mudogo alipojifungua, mtoto alinyonya kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mama wa Sala alipougua homa, Mama Mudogo alilala naye, akampikia, na akamfukuza mume aliyekuja kuuliza chakula cha jioni kiko wapi.

Na walicheka. Jioni, wanaume wakiwa kwenye pombe, kicheko cha Mama wa Sala kilivuka kijito mpaka kwetu. Mama mkwe wangu aliinua kichwa na kusema: sikia, Mama wa Sala anafurahi katika Bwana. Kutoka mlangoni petu niliweza kuona anachofurahia: Mama Mudogo alikuwa amefunga kikwembe chake, nguo ya kiunoni, kama kanzu, anamwigiza padri akivuka matope.

Basi, Mungu akasikia. Sisemi kwa mzaha, kwa sababu mambo yalikuja kama alivyoomba, neno kwa neno. Misioni ilikuwa na kundi lake la ng'ombe, na mchungaji wa kundi lile akafa. Padri alimtaka mtu anayejua ng'ombe kweli. Wote walimtaja mmoja. Tatizo ni kwamba kazi ya misioni ilitaka Mkristo. Mume wa Mama wa Sala akaenda kuliona lile kundi, akashika pembe, akatazama meno, na moyo wake ukaguswa. Wengine wanaguswa na Injili, yeye aliguswa na ng'ombe jike mmoja mweupe. Akaacha pombe, akaanza katekisimu. Wanawake wa Alhamisi tulipiga vigelegele mpaka tukakauka koo.

Alipokaribia ubatizo, padri akamkumbusha jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelitaja: Mkristo ana mke mmoja. Abaki na wa kwanza, wa pili arudishwe kwao.

Nilikuwa nimepeleka maziwa misioni siku Mama wa Sala alipokwenda kumwona padri. Walisimama barazani, na mimi nilikuwa nasubiri chombo changu, kwa hiyo nilisikia. Hakulia wala hakupiga magoti. Aliongea kama mtu anayepanga kazi.

"Padri, bwana atamuacha, sawa. Lakini mimi simuachi. Akae mu nyumba yake. Atakuwa wangu, hapana wake."

Padri alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani ni mzaha mzuri wa kienyeji, na baadaye aliwasimulia wageni. Alipoona Mama wa Sala hacheki, alimweleza kwa upole kwamba sheria haina nafasi ya namna hiyo, kwamba mwanaume hawezi kuishi uwanja mmoja na mke aliyemwacha, na kwamba badala ya kuhuzunika amshukuru Mungu, maana wanawake wengi wangependa kuwa mahali pake. Ameshinda, alimwambia. Mama wa Sala akaaga, akashuka ngazi, akanipita kama hanioni.

Mama Mudogo aliondoka siku ya jua kali. Mimi na wanawake wengine tulikwenda kumsaidia kufunga mizigo, na kwa kweli tulikwenda pia kuona wawili hao watakuwaje. Kulikuwa na vyungu, jembe, mkeka, na mtoto mchanga mgongoni. Watoto wake wakubwa wawili walibaki, kwa sababu watoto ni wa baba, na kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mama wa Sala alikuwa anamfungia kamba ya mzigo. Alifunga, akafungua, akafunga tena.

Mama Mudogo, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa, akamwambia bila hasira, "Yaya, wewe ndio uliomba."

"Niliomba yeye abatizwe. Sikuomba wewe uende."

"Mungu alisikia mupaka pale. Ile ingine haukumuambia."

Halafu akainua mzigo kichwani na kushika njia ya Sake. Mama wa Sala alibaki ameshika kipande cha kamba kilichozidi.

Wiki chache baadaye tukawa na sikukuu: mume akabatizwa, na ndoa yao ikabarikiwa. Mama wa Sala alivaa kikwembe kipya na viatu vya kuazima. Nimewahi kuona watu wanaong'olewa jino wakiwa na uso mzuri zaidi. Lakini wanawake walimwonea wivu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwanamke ameomba miaka yote ile, na sasa ana mume mmoja kwa mke mmoja, asiyekunywa, anayelala nyumbani. Nani kati yetu alikuwa na kitu kama hicho?

Alilala nyumbani, kweli. Na zaidi, alishinda nyumbani. Zamani jioni ilikuwa ya wanawake; sasa jioni ilikuwa ya mume. Alijinunulia kiti, akakaa juu yake mlangoni na kitabu cha katekisimu, akisoma kwa sauti kubwa maswali na majibu yote mawili. Alimsahihisha mkewe alipokosea sala ambayo ni mkewe aliyemfundisha. Aliuliza chumvi kwa nini, mkaa kwa nini, kwa nini siagi inachelewa. Siagi ilichelewa kwa sababu kibuyu sasa kilitikiswa na mtu mmoja, kimya. Ile nyumba nyingine ilikaa tupu mwaka mmoja, halafu akaifanya ya ndama.

Kicheko hakikuvuka tena kijito. Uso ule ukakauka, ukawa na mistari. Padri alifurahi sana. Alisema Mama wa Sala sasa amekomaa kiroho. Nimetambua tangu hapo kwamba mwanamke akicheka, wanasema ana neema, na akiacha kucheka, wanasema ana neema zaidi. Hakuna njia ya kukosea.

Alhamisi aliendelea kuongoza, lakini sala zikawa fupi, na maharagwe yakaanza kuiva vizuri. Wasichana aliendelea kuwafundisha. Ila mafundisho yalikuwa yamebadilika. Siku moja nilikuwa nafagia karibu na mkeka nikamsikia anawaambia wachumba: "Mukiomba, mumuelezee Mungu yote. Musimuachie nafasi ya kufikiri." Kwa bahati padri hakuwa karibu.

Nilikwenda kwake na shida yangu mwenyewe wakati ule. Mume wangu alifanya kazi ya kukausha pareto kwa Mzungu mmoja. Alirudi jioni, akala, akalala, na kati ya kula na kulala hakusema neno. Nilimwuliza Mama wa Sala kama nimwombee mume wangu apate kusema. Alinitazama kwa huruma.

"Usiombe," akaniambia. "Anaweza kusema."

Halafu likaja jambo la Sake. Alikwenda kwa padri na wazo: wanawake wa soko la Sake hawana wa kuwaongoza, na yeye yuko tayari kushuka siku ya soko, alale kule, arudi kesho yake, kwa ajili ya kueneza sala. Padri alikuwa mtu wa kupenda vitu vinavyoenea. Akambariki, akampa picha ya Familia Takatifu, akatangaza Jumapili kwamba kikundi cha Alhamisi kimezaa kikundi cha Sake. Mume naye, kwa kuwa sasa alikuwa mzee wa kanisa, hakuweza kumkataza mtu kueneza sala. Akatoa ruhusa kwa maneno mengi.

Nilishuka naye mara moja, nikimsaidia kubeba siagi. Njia yote aliwahimiza wale watoto wawili waliobaki watembee, na mimi nilijiuliza kwa nini sala ya Sake inahitaji watoto. Tulipofika sokoni nikaelewa. Kikundi cha Sake kilikuwa kimekaa nyuma ya marundo ya maharagwe, na kilikuwa mtu mmoja. Watoto walimkimbilia mama yao. Mama wa Sala aliweka siagi chini, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Lakini walisali, lazima niseme ukweli. Walifunga macho pale pale kati ya maharagwe na samaki, na Mama wa Sala aliomba kama nilivyokuwa sijamsikia tangu ndoa yao ibarikiwe, kwa sauti yake ya zamani. Hakumtaja mume. Waliposema amina, Mama Mudogo alianza kusimulia habari ya askari mmoja aliyetaka kununua maharagwe kwa kuyaonja moja moja, na nikakiona tena kile kicheko, kwa karibu.

Wauzaji wa karibu walisogea kwanza kusikia kinachochekesha, halafu wakabaki kwa ajili ya sala. Wengi wao walikuwa na habari ile ile: mume amebatizwa, yeye amerudishwa. Sake ilikuwa imejaa wanawake walioachwa kwa ajili ya Mungu, na sasa walikuwa wanasali kwa Mungu huyo huyo, bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Mwisho kikundi kilikuwa kikubwa kuliko chetu cha mlimani. Padri alishuka kukiona, akalia machozi ya furaha. Mama Mudogo naye akabatizwa, na padri hakumtambua.

Mume alikuja kujua kwa ajali. Alishuka Sake kununua chumvi ya ng'ombe wa misioni, akapita kwenye maharagwe, akawaona wake zake wawili wanakula viazi kutoka sahani moja. Alisimama. Hawakumwona. Akapanda mlima bila chumvi.

Mama wa Sala mwenyewe alinisimulia yaliyofuata, aliporudi kesho yake. Alimkuta amekaa kwenye kiti, bila kitabu. Alidhani atapigwa, na alikuwa ameshapanga maneno. Lakini mume aliuliza tu kama ile ndiyo sala ya Sake, naye akakubali kwamba ndiyo. Kisha mume akauliza kile alichokuwa amekibeba mlima mzima.

"Mukikaa vile, munasema nini juu yangu?"

"Juu yako? Hatusemaka kitu."

Aliniambia kwamba hata kama yeye angempiga mume kwa fimbo, mume asingeumia vile. Mume aliinama. Ndipo kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mkewe alimwonea huruma kweli, si huruma ya kumwombea, bali ile ya kumwona mtu amekaa peke yake. Kwa sababu na yeye alikuwa amepoteza. Pombe imekwenda, marafiki wa pombe wamekwenda, mke mmoja amekwenda, na yule aliyebaki alikuwa anamhesabia siku mpaka soko. Alikuwa amebaki na wokovu na yule ng'ombe mweupe. Mama wa Sala akampikia chakula kizuri siku hiyo. Lakini siku ya soko ilipofika, akashuka.

Hakumwacha mume, kanisa lisingekubali. Alikuwa tu anachelewa kurudi. Kwanza alilala siku moja Sake, halafu mbili, halafu kulikuwa na mgonjwa wa kikundi, halafu mvua. Watoto walipokua na kuoa, ilikuwa ni mlimani anakokwenda kutembea na Sake anakorudi. Mafundisho ya wachumba yakakosa mwalimu. Padri akamteua mama mwingine, mwenye uso wa kawaida.

Nilimwona kwa mara ya mwisho wakati wanaume sokoni walikuwa wanazungumza juu ya depanda tu, uhuru wa nchi, wakibishana nani atapata gari la Mzungu gani. Mimi nilikuwa nimemleta mdogo wangu anunue vikwembe vya harusi, nikaona ni vibaya kupita bila kumsalimu. Walikuwa wanakaa katika nyumba ya udongo nyuma ya soko, yeye na Mama Mudogo, wazee wote wawili, wanachagua maharagwe kwenye ungo mmoja. Alinishika mikono, akaniuliza bwana wangu yuko namna gani. Nikasema haongei bado. Akasema vizuri.

Mdogo wangu, ambaye hana aibu, alimwuliza moja kwa moja: mwanamke afanye nini apate furaha kwa bwana yake? Nilitaka kumfinya. Mama wa Sala aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Mimi niliomba bwana, nikapata bwana," akasema. "Furaha sikuomba. Ilikuwa mu nyumba, nilikuwa naiona tu kama chungu." Akamwangalia Mama Mudogo, akamwangalia tena mdogo wangu. "Wewe sali, mutoto. Kusali iko muzuri. Lakini mbele ya kusali, fungua macho kwanza, uhesabu wenye kuwa mu kiwanja."

Mdogo wangu alinitazama kama kuniuliza hilo ndilo fundisho lote. Nimefikiri juu yake tangu siku ile. Nimesali Alhamisi zangu zote, na kama kuna aliyenufaika katika ndoa yangu ni mimi, wala si kwa sababu mume wangu alibadilika hata kidogo. Huenda dawa yenyewe ilikuwa kukaa mchana mzima na wanawake wenzangu, mbali naye. Lakini jambo hilo huwezi kumwambia padri.

Tulipotoka, nilimkuta mume wa Mama wa Sala amekaa nje juu ya jiwe, chini ya paa, na sahani ya maharagwe magotini. Alikuwa amezeeka sana. Siku hizo alikuwa akishuka kila wiki na maziwa, waliniambia, na walimpa chakula, lakini hakuingia ndani: mzee wa kanisa haingii nyumba ya mke aliyemwacha. Alikula polepole, kofia kichwani, akitazama njia. Nilimsalimu, akaniuliza habari za mlimani kana kwamba hakutoka huko asubuhi ile.

Ndani, nyuma yetu, wale wawili wakaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo kikapanda, na kilikaa muda mrefu. Mzee aliacha kutafuna.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wanafanya nini mule ndani?"

"Wanasali, Papa."

Akaweka sahani chini, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka wakamaliza.